Prado la Dizeli Limechemsha Kitonga: Litengenezwe au Linunuliwe Jingine?

Mjomba wangu alinipigia simu saa kumi na moja jioni akiwa amesimama kando ya barabara, juu kidogo ya mlima Kitonga, malori ya Zambia yakipita karibu naye kiasi kwamba kila likipita sikusikia anachosema. Alikuwa anatoka Dar es Salaam kurudi Njombe. Prado lake la mwaka 1998, injini ya dizeli ya 1KZ, lilikuwa limechemsha.

"Mshale wa joto ulipanda," akaniambia, "halafu ukashuka wenyewe. Nikajua limepoa, nikaendelea."

Hapo alipoendelea ndipo hedi, kile kipande kizito kinachofunika silinda juu ya injini, ilipokufa. Kile kipima joto kinapima maji. Maji yakiisha, kinabaki kinapima hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka huku chuma kinaungua. Dereva anashukuru Mungu, anakanyaga mafuta, na kilomita tano mbele injini inazima yenyewe.

Baada ya siku tatu alikuwa amepata majibu matatu kwa watu watatu. Fundi wa Iringa alimwambia anunue injini nyingine. Rafiki yake wa Makambako alimwambia auze gari kama lilivyo, hata kwa bei ya kutupa. Binti yake alitaka achukue mkopo anunue gari jipya kidogo: "Baba, hilo gari lina kilomita laki nne na kumi na mbili, limeshamaliza kazi yake." Ndipo aliponipigia tena. "Mjomba, wewe unasemaje?"

Niliyomwambia ndiyo haya, nikiwa nimeyapanua kwa ajili ya wengine wenye magari ya dizeli ya umri huo. Ni wengi. Mikoani kwetu, magari yanayobeba mgonjwa usiku, mahindi mchana na maharusi Jumamosi ni haya haya ya miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni.

Tuanze na kipimo ambacho karibu kila mtu hukitumia: kuchukua gharama ya matengenezo na kuilinganisha na bei ya gari. Gari lina thamani ya milioni 14, fundi anataka milioni 9, basi "hailipi". Kipimo hiki kinaonekana cha busara lakini kinalinganisha vitu visivyolingana. Bei ya gari lako sokoni ni kile ambacho mgeni asiyelijua yuko tayari kulipa. Mgeni huyo hajui kwamba oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000. Hajui kwamba giaboksi ilifunguliwa mwaka juzi, wala kwamba difu ya nyuma haijawahi kuguswa. Anachokiona ni gari la zamani, anaogopa, na woga wake anaukata kwenye bei. Wewe mwenye gari huna sababu ya kuubeba woga huo. Gharama ya matengenezo inapaswa kulinganishwa na gharama ya kupata gari jingine unaloweza kuliamini kama unavyoliamini hili. Na gari la namna hiyo halipo kwenye yadi yoyote ya magari, kwa sababu imani hiyo huijenga mwenyewe kwa miaka na kwa fedha.

Mjomba ana daftari. Lina jalada gumu la bluu, linakaa kwenye droo ya mbele ya gari. Tangu alinunue gari mwaka 2007 likiwa na kilomita laki moja na thelathini, kila kilichobadilishwa kimeandikwa humo: tarehe, kilomita, spea, bei. Nilimwambia kabla ya kuongea na fundi yeyote alifungue daftari hilo.

Kwanza: nini kimeiua hedi?

Mtu akifariki ghafla nyumbani, hatuzungumzii mirathi kabla ya kujua ugonjwa, maana unaweza kuwa wa kuambukiza. Injini ni vivyo hivyo. Ukifunga hedi mpya bila kujua kwa nini ya zamani imekufa, umeipeleka machinjioni.

Injini ya 1KZ ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,982, silinda nne, turbo, na udhaifu mmoja unaojulikana kuanzia Australia hadi Arusha: hedi yake. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Katika joto la kawaida gasketi, kile kizibo chembamba kati ya hedi na bloku, inavumilia tofauti hiyo. Joto likizidi, hedi inajipinda au inapasuka, mara nyingi katikati ya vali mbili. Tena injini hii ni ya dizeli ya mtindo wa zamani, ambayo mafuta huanza kuungua kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya hedi yenyewe kabla moto haujafika kwenye silinda. Kwa hiyo hedi inabeba joto jingi kuliko ile ya dizeli za kisasa.

Lakini udhaifu si chanzo. Injini hiyo hiyo imetembea kilomita 412,000 bila kufungua hedi. Kitu fulani kimebadilika. Kwenye magari haya washukiwa ni wachache, na karibu wote ni wa bei ndogo.

Rejeta iliyoziba ni mshukiwa wa kwanza. Gari linalojazwa maji ya bomba au ya mto miaka nenda rudi hujenga magamba ndani ya vijibomba vya rejeta, na kwenye mlima mrefu ndipo ukweli unapojitokeza. Wa pili ni feni. Ile feni inayozungushwa na injini imeshikwa na kikombe chenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Mafuta hayo yakivuja feni inazunguka kwa kujivuta. Injini ikiwa ya moto, zima, kisha jaribu kuizungusha feni kwa mkono: ikizunguka kirahisi kama kipepeo cha mtoto, kikombe kimekufa. Wa tatu ni mfuniko wa rejeta. Watu huudharau kwa sababu ni kifuniko tu. Pale Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya injini yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko huo, ambalo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi zaidi ya 15. Mpira wa mfuniko ukichoka, kinga hiyo yote imeondoka.

Wa nne naomba nimseme kwa sauti, kwa sababu mafundi wetu wenyewe ndio wanaomwingiza: kutoa themostati. Gari likichemsha mara moja tu, fundi anaing'oa na kuitupa, "maji yazunguke bila kizuizi." Kwenye injini hizi themostati ina kazi mbili. Inapofunguka kupeleka maji kwenye rejeta, hapo hapo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Kwenye tambarare injini inakimbia ya baridi na kula mafuta. Kwenye mlima, sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani bila kuiona rejeta kabisa. Mjomba alikumbuka kwamba fundi mmoja aliitoa yapata miaka miwili nyuma, baada ya gari kuchemsha kidogo porini. Hakuiandika kwenye daftari kwa kuwa hakikununuliwa kitu.

Pili: chini ya hedi kuna nini?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo wengi wanaporuka. Hedi iliyokufa kwa joto kwenye injini ambayo chini ni nzima ni jeraha. Kwenye injini ambayo ringi za pistoni, silinda na beringi zimeisha, ni kisingizio cha mwisho tu. Gharama ya kufunga hedi inalingana, lakini fedha hizo zinanunua vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna mambo mwenye gari anaweza kuyajua bila kifaa. Gari lilikuwa linawaka vipi asubuhi ya baridi kabla ya ajali? Dizeli haina cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Kompresheni, yaani nguvu ya mbano huo, ikishuka, gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi hata kama hita plagi zote ni nzima na betri ina nguvu. Lilikuwa linakula oili kiasi gani kati ya kubadilisha na kubadilisha? Moshi wake ulikuwa wa rangi gani? Mweusi wakati wa kupanda mlima ni mafuta yasiyoungua yote: nozeli zinazopuliza mafuta, filta ya hewa, pengine turbo. Wa bluu ni oili inaungua, na huo ndio wa kuogopwa. Mweupe mzito unaobaki hewani ni maji, au dizeli isiyowaka, na baada ya kuchemsha huwa karibu kila mara ni maji. Na ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inawaka, ilikuwa inapumua? Kupumua kidogo ni kawaida kwa umri huo. Ikipumua kama sufuria ya makande, moto wa silinda unapenya ringi kwenda chini.

Halafu kuna vipimo. Kipima kompresheni cha dizeli huingizwa kwenye tundu la hita plagi. Injini ya 1KZ ikiwa mpya husoma karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Kiwango cha chini kinachokubalika ni 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Zingatia hiyo tofauti zaidi ya namba yenyewe. Injini iliyochoka sawasawa ni mzee mwenye afya; yenye silinda moja iliyoanguka ina ugonjwa mahali.

Ila kuwa mwangalifu: kama hedi imepasuka au gasketi imeungua, silinda ile itasoma chini hata kama ringi zake ni nzima. Gari la mjomba lilisoma 27, 26, 19 na 27. Fundi wa kwanza aliiona 19 akasema injini imekwisha. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole ambaye huongea kidogo, alisema, "Mzee, tufungue kwanza, tusiizike ikiwa hai." Hedi ilipotoka, gasketi ilikuwa imeungua hasa kwenye silinda ya tatu, na kuta za silinda zote nne bado zilionyesha ile mistari ya mshazari iliyochorwa kiwandani. Baada ya kilomita 412,000. Hiyo ndiyo kazi ya oili ya kila kilomita 5,000.

Kuna kipimo kingine kisichogharimu kitu: pasua filta ya oili iliyotolewa, tandaza karatasi yake juani, angalia kama kuna vumbi linalong'aa. Vumbi hilo ni chuma, na chuma hicho kimetoka kwenye beringi za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, au mahali pengine usipopenda. Ya mjomba ilikuwa nyeusi tupu.

Injini ya mtumba je?

Ushauri wa fundi wa Iringa, kununua injini nzima iliyotoka Japani, una mantiki yake. Ni haraka, unafunga ndani ya siku mbili na gari linatembea. Kama silinda zingekuwa zimechubuka, hata mimi ningeufikiria. Lakini jiulize unanunua nini. Injini ya 1KZ haitengenezewi tena magari mapya. Iliyopo leo kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ina umri ule ule wa yako, ina hedi ile ile ya aluminiamu, na hakuna daftari. Unabadilisha injini unayoijua ugonjwa wake kwa ile usiyoijua chochote.

Ukilazimika kuinunua, fungua mfuniko wa oili uangalie kama chini kuna tope jeusi. Zungusha kranki kwa mkono mzunguko mzima. Chungulia njia za maji uone kutu. Pima hedi kwa presha kabla injini haijaingia kwenye gari, kwani kuitoa tena utalipa mara mbili. Funga belti mpya ya taimingi hata kama iliyopo inaonekana nzuri, maana kwenye injini hii belti ikikatika vali hugongana na pistoni. Na dai risiti yenye namba ya injini, kwa sababu kadi ya gari ina namba hiyo na mabadiliko lazima yaingizwe Mamlaka ya Mapato, TRA. Watu wengi hulikumbuka hili siku ya kuuza gari, mnunuzi akiwa na fedha mkononi.

Kuhusu kuchomelea hedi iliyopasuka, mimi sishauri kwa gari la safari ndefu. Kwa 1KZ hedi mpya zinapatikana, zinatengenezwa na viwanda kadhaa kwa sababu tatizo lenyewe linajulikana dunia nzima. Pale ambapo ufa uko katikati ya vali, mchomo unakaa mahali penye moto mkali kuliko pote. Hedi iliyopinda tu, bila ufa, ni jambo jingine: inasawazishwa kwenye mashine, inapimwa presha, inarudi kazini.

Kama yako ni D-4D

Kuanzia mwaka 2000 Toyota ilianza kufunga kwenye Prado injini ya 1KD, ambayo watu huiita D-4D. Ujazo ni ule ule, 2,982, lakini ni mnyama mwingine. Mafuta yanasukumwa kwa shinikizo la zaidi ya mara elfu moja ya shinikizo la hewa, na nozeli zinaongozwa na kompyuta. Ina nguvu zaidi na inakula kidogo. Hedi siyo hofu yake kubwa. Hofu yake ni nozeli, na hasa zile washa ndogo za shaba zilizo chini ya nozeli.

Nozeli za 1KD zimekaa chini ya mfuniko wa vali, ndani ya eneo la oili. Washa ya shaba ikianza kuvuja, moshi wa silinda hauendi nje ukauona. Unaingia kwenye oili. Oili inageuka nzito kama lami, masizi yanashuka hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba lile chujio ambalo pampu ya oili inafyonzea. Siku moja taa nyekundu ya oili inawaka, na ukichelewa dakika chache, turbo na kranki vimekwenda. Kitu cha bei ya soda kimeua injini. Kwa hiyo mwenye D-4D yenye kilomita laki mbili na zaidi, kabla ya kuwaza kuuza au kubadilisha injini, afungue sampu aangalie chujio, na abadilishe washa hizo.

Kwenye injini hii kuna swali ambalo kwa 1KZ halina uzito: je, gari linatengenezeka pale ulipo? Nozeli mpya za 1KD zina namba zinazopaswa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Anayeishi Mwanza au Arusha atampata mwenye kifaa. Anayeishi Ludewa atalipia gari la kukokota kwanza. Mafuta machafu pia yanaiumiza zaidi. Tangu EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa haukubaki kama ulivyokuwa, lakini dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara haina wa kuithibitisha, na mafuta ya taa hayalainishi pampu.

Hesabu

Sasa tuweke namba. Nazitaja kama mfano, weka zako.

Gari bovu lilivyo, mjomba angepata milioni 5. Likitengemaa, milioni 14. Hedi mpya, gasketi, rejeta, feni, pampu ya maji, belti, kusafisha nozeli na ufundi: milioni 9. Niliongeza milioni 3 za matairi, shokapu na bushi ambazo zingehitajika ndani ya miaka miwili hata hivyo. Jumla milioni 12. Baada ya miaka miwili gari bado litauzika kwa milioni 12 hivi, kwa sababu gari la umri huo limeshaanguka bei karibu lote. Kwa hiyo gharama halisi ya kubaki nalo ni milioni 5 anazoziacha leo, ongeza 12 za matengenezo, toa 12 atakazopata: milioni 5. Anatembea kilomita 15,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa miaka miwili. Ni shilingi 167 kwa kilomita, bila mafuta.

Gari jipya kidogo analolitaka binti yake ni milioni 45. Weka milioni 4 za kulisafisha mwanzoni, maana gari lolote la mtumba linataka oili zote, filta, belti, breki na betri kabla hujaliamini. Baada ya miaka miwili uza kwa 36. Gharama ni milioni 13, yaani shilingi 433 kwa kilomita. Tuseme linaokoa lita 2 kila kilomita 100: kwa kilomita 30,000 ni lita 600, na kwa shilingi 3,000 kwa lita ni milioni 1.8. Zitoe. Bado inabaki milioni 11.2, na riba ya mkopo sijaigusa.

Tofauti ni milioni 6.2. Namba hii ndiyo niliyotaka mjomba aione, kwa sababu inaligeuza swali. Hatuulizi tena kama matengenezo ya milioni 9 "yanalipa" kwenye gari la milioni 14. Tunauliza: kuna uwezekano gani kwamba ndani ya miaka miwili Prado hili litapata ugonjwa mwingine wa zaidi ya milioni 6? Ukiwa mkubwa, auze. Ukiwa mdogo, atengeneze. Na ndiyo maana kompresheni, kuta za silinda na karatasi ya filta vinapaswa kuja kabla ya kikokotoo: vinalijibu swali hilo na hakuna kingine kinacholijibu.

Angalia kitu ambacho sikukiweka. Milioni 4 alizolipia giaboksi mwaka juzi hazimo. Hizo zimekwisha, akitengeneza au akiuza hazirudi. Wengi huendelea kulihudumia gari lililokufa kwa kusema "nimeshaliwekea fedha nyingi," na fedha hizo ndizo zinazowavuta shimoni. Kilichobaki cha giaboksi ile ni uhakika kwamba ni nzima, na uhakika huo tayari umo kwenye jibu la swali la milioni 6.

Kinachomaliza gari kweli

Injini hubadilishwa. Giaboksi hubadilishwa. Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, ikioza, gari limekwisha. Ingia chini na tochi na nyundo ndogo, gonga polepole, hasa nyuma juu ya ekseli na pale mikono ya springi inaposhikana na chesisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio butu. Magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Unguja yana chumvi ya bahari. Yaliyotoka kaskazini mwa Japani yana chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na hiyo hujificha chini ya rangi nyeusi mpya iliyopulizwa kabla ya kuuzwa. Mnyunyizo mweusi unaong'aa chini ya gari la miaka 20 ni sababu ya kugonga zaidi.

Kisha kuna kazi ya gari. Prado linalobeba mgonjwa usiku kutoka kijijini kwenda hospitali ya mkoa halipimwi kwa shilingi kwa kilomita peke yake. Kama daftari linaonyesha limemwacha mwenyewe njiani mara tatu mwaka mmoja kwa sababu tatu tofauti, nyaya leo, pampu kesho, giaboksi keshokutwa, basi liondoke hata kama hesabu inalipenda. Ugonjwa mmoja mkubwa wenye sababu inayojulikana ni afadhali kuliko magonjwa madogo mengi yasiyo na sababu.

Soko la kubadilisha nalo

Prado la mjomba lilifika nchini kwa wimbi. Mwaka 2001 Japani ilikaza sheria ya moshi wa magari, na dizeli za zamani zikakosa ruhusa ya kuendelea kusajiliwa kwenye maeneo ya miji mikubwa kama Tokyo, Osaka na Nagoya. Prado na Hilux Surf nyingi nzima kabisa zikatafuta bandari. Wimbi hilo limekatika. Mwaka 2007 Toyota iliacha kuuza Prado la dizeli ndani ya Japani, na ikalirudisha mwaka 2015 likiwa na injini mpya ya 2.8. Kwa hiyo anayetafuta Prado la dizeli la mwaka 2010 kutoka Japani anatafuta kisichokuwepo. Yaliyopo ya miaka hiyo yametoka masoko mengine, kama Uingereza na Australia.

Hizo za 2015 na kuendelea, zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani, zina chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi la maji ya urea. Chujio hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Anayezunguka mjini kilomita tatu tatu ataliziba, na kulibadilisha ni gharama nzito. Wakenya hawana uchaguzi mpana hapa, kwa kuwa gari la mtumba haliingii likizidi miaka 8. Uganda ukomo ni miaka 15 tangu sheria ya 2018. Tanzania haizuii, lakini gari likizidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na injini yenye ujazo wa zaidi ya 2,000 ina ushuru wake wa bidhaa pia. Yote hayo yamo ndani ya bei ya yadi unayoambiwa.

Ndani ya nchi, tusidanganyike na herufi ya namba ya usajili. Prado la mjomba ni namba A, na dalali akiona A anashusha bei kabla hajafungua boneti. Herufi inasema gari lilisajiliwa lini hapa. Haisemi lilitengenezwa lini wala lililelewaje. Kuna Prado za 1998 zenye namba D. Nazo kilomita kwenye dashibodi mara nyingi zimerudishwa nyuma, kiasi kwamba gari la "kilomita 140,000" linaweza kuwa na usukani uliolainika na pedali iliyolika hadi chuma. Za mjomba ni 412,000 na kila moja ni ya kweli.

Alichagua kutengeneza. Rejeta ilipofunguliwa, karibu nusu ya vijibomba ilikuwa imeziba. Hedi ilitoka Dar kwa basi, imefungwa kwenye boksi la mbao, na mimi niliagizwa kitu kimoja tu: mfuniko mpya wa rejeta, wenye shinikizo sahihi. Jana amenitumia picha ya ukurasa wa daftari. Mwandiko wake umesimama wima kama kawaida: kilomita 412,386. Hedi mpya. Gasketi. Rejeta mpya. Kikombe cha feni. Belti. Kulanti, hakuna maji ya bomba. Na mstari wa mwisho, ameupigia mstari chini mara mbili: themostati imerudishwa.